Kamati Iliyomkalia Peres

Dalmas Obuya huchapisha programu za mazishi River Road, jijini Nairobi. Mashine yake hutoa uso uleule wa marehemu, ukitabasamu, karatasi baada ya karatasi. Mkewe, Peres, hupika katika nyumba ya watu Kileleshwa. Akiwa na mapumziko, humpelekea mumewe chakula, wakala kati ya marundo ya nyuso hizo. Hawakuziogopa. Kazi ni kazi.

Kisha Peres akahisi uvimbe katika titi la kushoto. Mficha uchi hazai, naye hakuficha. Alienda hospitali. Titi likapigwa picha, kipande kidogo cha nyama kikatolewa kupimwa. Majibu yakasema ni saratani.

"Usianze dawa yoyote," muuguzi alimwambia. "Alhamisi kamati itakaa juu yako."

"Nije saa ngapi?"

"Wewe huhitajiki. Tutakupigia simu."

Peres alitoka akishika ukuta. Mlangoni mwanamume mwembamba mwenye koti jeupe alimkazia macho.

"Wewe ndiye Peres Obuya? Pole. Nimekuona kwa picha."

Hakuwa amewahi kumwona mtu huyo. Alikimbia hadi River Road.

"Kamati?" Dalmas aliuliza. "Una hakika walisema kamati?"

"Ndiyo, Baba Emmah. Na wakasema mimi sihitajiki."

Dalmas alizima mashine. Wateja wake wote hutumwa na kamati ya mazishi. Kamati ndiyo huchagua jeneza, na gari la kupeleka mwili nyumbani. Mwenye kujadiliwa hayumo kwenye kikao, maana amelala mochari. Lakini Peres alikuwa hai! Kwao, kumpangia mtu mazishi angali anapumua ni kukiita kifo mlangoni.

Alhamisi hiyo Peres alikaa peke yake nyumbani Kawangware. Mchana ulikuwa kimya, hata redio za majirani hazikusikika. Alijua kwamba mahali fulani wameshakaa. Alihisi macho ya watu asiowajua yakitembea ndani ya kifua chake, na sauti zikinong'ona jina lake. Simu ikalia. Namba ngeni. Akaizika ndani ya debe la unga, ikaendelea kulia humo kama mtu aliyefunikwa mdomo.

Hakurudi hospitali. Kule dukani, Dalmas alianza kumwona mkewe katika kila uso uliotoka kwenye mashine. Na uvimbe haukungoja mtu, ulikua.

Jirani yao, Ciru, ndiye aliyemuuliza kwa nini hashiki simu. Peres alimweleza yote. Ciru alicheka, kisha akaona machozi ya mwenzake, akaketi karibu naye.

"Mama Emmah, hiyo kamati hata mimi ilinikalia. Na si niko hapa naosha sufuria?"

"Kwani wanapanga nini?"

"Matibabu! Kuna daktari wa kukata, wa dawa, wa miale ya kuchoma saratani, mwenye anasoma picha, na mwenye anaangalia ile nyama walitoa. Ukiita fundi wa mabati peke yake, atasema shida ni paa. Hawa wanakaa pamoja wabishane kabla hujakatwa, si baadaye."

"Na mbona hawakuniambia hivyo?"

"Hapo walikosea. Twende uwaulize."

Walienda wote watatu, pamoja na Dalmas. Sista Milcah, muuguzi yule, aliwasikiliza hadi mwisho, akashika kichwa.

"Aki pole, mama. Sisi tumezoea hilo neno. Hatukufikiria vile linasikika huko nje. Tumekupigia simu sana. Kuja uwaone wenyewe."

Katika chumba cha kamati, yule mwembamba wa koti jeupe alisimama kumsalimu. Yeye ndiye msomaji wa picha, na siku ile alikuwa amesoma jina kwenye bahasha aliyobeba Peres. Kando yake mama mmoja mpole alisema, "Mimi niliangalia nyama yako kwa darubini. Huwa sioni nyuso za wagonjwa. Nimefurahi kukuona."

Peres alimpa mkono. Kumbe hayo ndiyo macho yaliyokuwa yakimtembelea.

Walimweleza uamuzi wao: dawa kwanza, ili uvimbe usinyae, kisha upasuaji mdogo. Aliuliza kama ataweza kupika. Aliuliza kama nywele zitarudi. Alijibiwa kila swali, na Dalmas akauliza mengine. Peres alitoka akiwa bado mgonjwa, hajameza hata dawa moja, lakini roho yake ilikuwa imetulia. Kuuliza si ujinga, wasomaji wangu. Ukiambiwa neno usilolielewa hospitalini, usiende nalo nyumbani.

Siku hizi pale hospitalini mgonjwa huelezwa nani atakaa, kwa nini, na atakutana nao lini.

Dawa zilimchosha Peres, zikamnyoa kichwa. Zilipokwisha, daktari wa upasuaji alimpima. Vidole vyake vilitafuta, vikarudi, vikatafuta tena. Dalmas akasogea karibu.

"Mama, nionyeshe uvimbe ulikuwa wapi."

Peres aliweka mkono mahali alipopajua vizuri kuliko mtu yeyote. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Daktari," alisema, "siupati." Akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.