Mlango Uliosema Karibu

Umewahi kumfungulia mwizi mlango kwa mkono wako mwenyewe, kisha ukamkaba ndugu yako ukosi ukimwuliza nani kamwingiza?

Sindano alifanya hivyo asubuhi ile. Ila alikuwa bado hajajua.

Pikipiki yake, Yamaha nyeusi, ilikata kona ya ghala la mwisho kwa kishindo. Bastola ya Beretta ubavuni. Vumbi machoni.

Lori alilokuja kulivizia halikuwepo.

Askari wa kikosi chake walikuwa wamejificha kando ya barabara ya lami. Lori la magendo likapita zake barabara ya mchanga, taratibu kabisa, kama mgeni aliyeelekezwa njia.

Redio ikakwaruza.

"Sindano, umewapata?"

"Wamepita kwingine, Mkuu. Walijua tulipo."

"Nani kawaambia?"

Mpango wa kulivizia lori waliujua watu wawili tu kabla ya alfajiri: yeye aliyeuandika, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta na redio wa kikosi. Sindano mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi.

Hakufikiri mara mbili.

"Mshikeni shemeji yangu."

Wakamtia pingu mbele ya wenzake, shati limechomoka, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Shemeji, si unanijua mimi?"

Sindano akavaa miwani yake ya jua, akaangalia pembeni.

Lori la kwanza lilibeba risasi. La pili lingepita alasiri na bunduki zenyewe. Likiingia mjini, watu wangekufa. Akarudi nyumbani mbio kuandika mpango mwingine.

Kompyuta yake ilikaa mwisho wa meza ya jikoni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, birika pembeni. Mashine ya zamani, inatumia Linux, feni yake inakoroma kama mzee aliyeshiba. Mumewe alikuwa kazini. Nyumba kimya.

Lakini taa ya kisanduku cha intaneti ilikuwa inakonyeza kwa fujo.

Nani anakitumia?

Sindano akavuta kiti.

Kompyuta ni nyumba yenye milango zaidi ya elfu sitini. Mafundi huiita poti, na kila mmoja una namba yake. Mlango ukiwa na programu inayosikiliza nyuma yake, mtu akipiga hodi huitikiwa, "Karibu." Usio na msikilizaji hujibu, "Hapa hapana mtu." Na ule unaolindwa na ukuta wa moto, yaani programu inayozuia wageni, haujibu kitu, mgeni husimama pale hadi achoke. Huko mtandaoni kuna watu kazi yao ni hiyo tu, kupiga hodi nyumba hadi nyumba, mlango hadi mlango, wakisikiliza nani ataitika.

Akaandika amri fupi: ss -tln. Ionyeshe milango inayosikiliza.

Mlango 631, wa printa. Mbele yake 127.0.0.1, yaani kompyuta inajisemesha yenyewe. Huo hauna neno.

Chini yake: 0.0.0.0:8000.

Masufuri matupu. Yaani yeyote anayeweza kuufikia, karibu.

Akachukua kompyuta ndogo ya kazini, akaiunganisha na intaneti ya simu ili awe kama mtu wa nje, akaipigia hodi nyumba yake mwenyewe kwa Nmap, programu ya kujaribu milango.

8000. Uko wazi.

Akakumbuka. Alipokuwa safarini alitaka kusoma mafaili yake akiwa hotelini. Akafungua mlango ule bila nywila. Akakiambia kisanduku kiwapitishe wa nje. Akazima ukuta wa moto kwa sababu ulimsumbua. Aliporudi, akasahau vyote vitatu, na usiku wa jana akaandika mpango wa kazi ndani ya folda ile ile.

Na shemeji alimwonya! "Shemeji, ukipima ukiwa ndani, unajipima mwenyewe. Toka nje, upige hodi."

Naye akamcheka. "Haya, bwana fundi, kesho unifundishe na kuchemsha maji."

Uso ulimwaka kama aliyezabwa kofi.

Akarudi kwenye kompyuta ya nyumbani, akaandika ss -tn mara kadhaa: imwonyeshe walioingia. Anwani ngeni ikatokea kwenye mlango 8000, ikatoweka, ikarudi. Walikuwa wanamsoma.

Kidole kikaenda kuufunga. Kikasita.

Akiufunga sasa, watashtuka.

Akaandika kwenye folda ile ile, polepole, bila kosa: *Alasiri askari wote barabara ya mchanga. Daraja la reli halina mtu.*

Anwani ile ikarudi. Ikasoma. Ikaondoka.

Akapiga simu. "Mkuu, watu wote darajani."

"Una uhakika gani?"

"Wananisoma. Kwenye kompyuta ya nyumbani kwangu."

"Nyumbani kwako, Sindano?"

"Ndiyo, Mkuu. Mwachieni shemeji."

"Nimwambie nini?"

Akameza mate. "Mwambie... mwambie kukamatwa kwake kulikuwa ukaguzi tu, umekwisha."

Akakata simu. Akajichukia.

Alasiri lori likaingia darajani mzimamzima. Yamaha ikaziba mbele, gari la askari likaziba nyuma. Risasi moja tu, ya Sindano, ikapasua tairi. Kiongozi wao, mgeni mwenye suti, akashuka mikono juu, akiduwaa.

"Lakini mliandika..."

"Niliandika," alisema Sindano.

Akarudi nyumbani, akaizima programu ile, akaufuta upenyo kwenye kisanduku, akawasha ukuta wa moto. Kisha akapima tena kutoka nje. Hodi.

Kimya.

Makao makuu walimpokea kwa makofi. Shemeji alikuwa kwenye benchi la korido, anafunga kamba ya kiatu. Sindano akapita na miwani yake, koti begani, hatua za kishujaa.

"Shemeji," yule kijana akamwita kwa upole. "Kumbe ulikuwa ukaguzi?"

Makofi yakaendelea. Ngazi zilikuwa pale mbele. Angeweza kushuka, na hakuna ambaye angemwuliza.

Akasimama. Akavua miwani. Akageuka, wenzake wote wakimtazama.

"Haukuwa ukaguzi. Mlango niliufungua mimi, kwa mkono wangu, na ulinionya nikakucheka. Nimekudhalilisha mbele ya watu hawa, na mbele yao hao hao nakuomba: nisamehe, shemeji."