Simu Inayotunza Vipimo

Mteja akiingia, mshonaji huweka simu yake mezani, huibonyeza irekodi, kisha hupima. "Kifua thelathini na nane. Kiuno thelathini na moja," huiambia, pini zikiwa mdomoni. Alianza hivyo miaka saba iliyopita, kabla hajajua kuandika. Sasa anasoma darasa la jioni, lakini mazoea hayamtoki. Na simu ni ile ile.

Wiki hii mgongo wa simu ulianza kuinuka. Mshonaji hakushtuka. Kwake kitu kikituna, hubanwa. Akaishonea simu kifuko cha lastiki, akaiweka kwenye chaji pale mezani, akalaza pasi nzito juu yake.

Asubuhi simu haikuwaka.

"Dada, hiyo imekula chumvi nyingi," mdogo wake akamtania. "Izike, ununue mpya."

"Na vipimo vya bibi harusi nivizike pia? Yuko safarini. Atarudi Jumamosi, aje kuvaa."

Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandazwa mezani. Mshonaji alishika mkasi, akauweka chini. Hakuthubutu kukata kwa kubahatisha.

Akaenda kwa fundi simu, jirani wa mlango wa tatu. Watu humwita Miwani. Miwani alikivua kile kifuko, akauchungulia mgongo uliotuna.

"Shemeji, nani kakushauri uibane?"

"Nani tena? Akili yangu. Ilikuwa imevimba."

"Betri ikivimba haibanwi wala haitobolewi. Inaweza kulipuka ikawaka moto. Ungeichomoa kwenye chaji, ukaizima, ukaniletea siku ile ile."

Mshonaji akaikumbuka meza yake ya kushonea. Mchana mtoto wake hulala chini ya meza ile, katikati ya vipande vya vitambaa.

"Kwa hiyo imekufa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Sindano ikikatika, unatupa cherehani?"

"Hata kidogo."

"Basi. Kilichokufa ni betri. Simu yenyewe ngumu kama wewe."

Akaitoa betri taratibu, akaiweka kwenye kopo la mchanga. "Hii haiendi jalalani. Nitaipeleka kwa wanaokusanya betri mbovu." Akatia mpya. "Iweke mbali na pasi ya moto. Usiichaji ikiwa imefunikwa. Na vipimo, viweke na mahali pengine. Simu inaweza hata kuibwa."

Akaiwasha. Ikasikika sauti ya mshonaji mwenyewe: "Bega kumi na tano." Kisha kicheko cha bibi harusi: "Usinifinye, mama."

Mshonaji akaketi kwenye kigoda cha fundi. Akaomba airudie.

Jioni hiyo mdogo wake alishika simu, yeye akashika kalamu. Walisikiliza kipimo kimoja kimoja, akaandika daftarini pole pole. Kisha akakata kitambaa.

Jumamosi gauni lilimkaa bibi harusi sawasawa, hakuna pa kupunguza.

Jumatatu mteja mwingine alishangaa. "Mbona unasema, halafu unaandika?"

"Simu tumezoeana miaka saba, siiachi," mshonaji akajibu. "Ila sasa nimeipa msaidizi."