Oili ya Siku Moja

Jumamosi asubuhi duka la vipuri lilikuwa limefurika mafundi, kila mmoja akipayuka lake, na nyuma ya kaunta alisimama muuza oili, kitambaa chekundu kichwani, mikono iking'aa mafuta hadi viwikoni. Hakuwa na haraka na mtu. Ndipo akaingia kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, miwani safi usoni. Akasukumwa huku, akasukumwa kule, mwishowe akatokeza mbele.

"Dada, habari za kazi. Naomba oili nzito kuliko zote mlizonazo."

"Ya trekta?"

Mafundi wakaangua kicheko.

"Ya gari ndogo," alisema kijana, masikio yakimwaka. "Nashindana nayo Jumapili, kule uwanja wa ndege wa zamani. Tunakimbia mmoja mmoja, tunapimwa kwa saa. Wenzangu wanasema nzito ndiyo inayolinda injini."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu naenda nayo kazini, natengeneza miwani. Halafu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nampeleka mama hospitali kusafishwa damu. Figo zimegoma. Nimetoka kumwacha huko sasa hivi."

"Kwa hiyo siku sita gari ni ya kazi na ya mama, siku moja ni ya fujo zako. Sasa wewe bwana Miwani, oili unachagulia siku gani?"

Dada akatua kopo kwenye kaunta, puu!

"Tano arobaini. Namba ya kwanza ni ya asubuhi, injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inapanda upesi, mama hasubiri. Ya pili ni ya joto. Arobaini itakuvumilia Jumapili yako. Hiyo nzito yako asubuhi itatambaa kama uji, injini ijisage kavu. Na kila baada ya mashindano mawili unakuja naimwaga, natia mpya."

"Kila mawili?"

"Umeshachoka kuniona hata hujanizoea?"

Basi, hapo ndipo mtengeneza miwani alipokwisha. Haki ya nani, alitoka dukani amekumbatia kopo la oili kifuani, shati jeupe na yote.

Desturi ya duka lile ilikuwa kufunga kadi chini ya boneti: oili gani, imetiwa lini, imwagwe lini. Kadi za wateja wengine ziliishia hapo. Ya Miwani ilianza kurefuka. Ya pili ilisema, "Endesha polepole." Ya nne ilisema, "Nimekukumbuka, usijidai." Naye, alipoona dada anavyofinya macho akisoma makopo, alimpima macho pale pale kwenye kaunta, akamtengenezea miwani kwa mkono wake, fremu nyekundu ifanane na kitambaa. Mama mtu alipoletewa binti nyumbani alimshika mkono, akaunusa, akacheka. "Ananuka gereji, lakini ndiye huyu, mwanangu. Usinipotezee."

Mngewaona, mngesema hawa wamefika. Tatizo lilikuwa nusu sekunde. Mashindano matatu mfululizo Miwani alitoka wa pili kwa nusu sekunde tu, na jambo hilo likamkaa rohoni. Ijumaa akapiga simu.

"Kipenzi, kuna oili nyepesi, sufuri ishirini. Injini inazunguka bila kubanwa. Nusu sekunde yangu imo humo."

"Haimo. Kwa injini yako hiyo ni nyembamba mno. Ikichemka inakuwa maji matupu, tena inaungua, inapungua ndani kwa ndani."

"Mara moja tu. Mama anataka akishike kikombe cha ushindi kabla..."

"Kabla ya nini?"

"Unajua, mpenzi."

Alijua. Mteja mwingine yeyote angemfukuza, lakini huyu alikuwa wake, na mama yule alishakuwa kama mama yake. Jumamosi akaitia ile nyepesi mwenyewe, akaandika kwa herufi kubwa: SIKU MOJA TU. JUMAPILI SAA KUMI NA MOJA JIONI NAIMWAGA.

"Ukichelewa nitakung'oa masikio," alisema.

"Nitakuja na kikombe. Tena nina jambo la kukuuliza. Vaa vizuri."

Jumapili duka lilifungwa, lakini dada alikuwepo, peke yake, ndani ya gauni la bluu lililomkaa sawasawa kiunoni, na pembeni yake beseni la kumwagia oili, chujio jipya na kopo la tano arobaini. Saa kumi na moja ikapita. Saa kumi na mbili kasoro, simu ikalia mlio wa ujumbe: fundi mmoja aliyekuwa uwanjani amemtumia picha. "Mtu wako kashinda!" Kweli kashinda. Kikombe mkono mmoja, na mkono wa pili umemzunguka msichana wa gauni la njano, mabega wazi, uso kauficha shingoni mwa Miwani.

Simu ikaanza kuita. Miwani. Dada akaitazama huku machozi yanamtoka.

"Ita tu," aliiambia. "Akupokee huyo wa njano."

Jamani, laiti angepokea! Yule wa njano alikuwa dada yake Miwani, mdogo wake wa mwisho, na pale hakuwa akishangilia. Alikuwa ametoka mbio na simu mkononi kuleta habari kwamba mama ameanguka bafuni, na alikuwa analia. Miwani alitoka uwanjani moja kwa moja hadi hospitali, akalala kwenye benchi la korido na kikombe chake ndani ya mfuko wa plastiki. Kijiti cha kupimia oili, ambacho alizoea kukichomoa kila asubuhi, hakukikumbuka tena.

Jumatatu alipiga. Jumanne alipiga mara nne, maana injini ilikuwa imeanza kugonga, naye alitaka kuuliza neno moja tu: niendeshe, nisiendeshe? Dada akazima simu kabisa. Jumatano mama akaruhusiwa kurudi nyumbani, kwa sharti kwamba Alhamisi asubuhi arudi kusafishwa damu bila kukosa.

Alhamisi, katikati ya daraja la juu, magari yamebanana mbele na nyuma, injini ilipiga kelele moja ya kutisha ikakwama. Mama alikuwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa bintiye, kikombe ubavuni. Alikataa kukiacha nyumbani. Waliokuwa nyuma wakapiga honi. Miwani akafungua boneti, akachomoa kijiti: kikavu. Na kadi ikawa inamtazama. Alisimamisha magari kwa mikono miwili, akaomba, akalia mbele za watu. Teksi ilipatikana baada ya dakika arobaini, na mama hakuihitaji tena.

Gari lilivutwa hadi gereji iliyo nyuma ya duka. Dada akalifahamu, akainua boneti kwa hasira zake zote, akakuta kadi yake na kijiti kimelala juu ya injini. Alikuwa bado amekishika kijiti, msichana mmoja alipokuja kuchukua vitu vya kiti cha nyuma. Alivaa kanga nyeusi, lakini yale mabega dada aliyajua.

"Wewe ni nani kwake?"

"Mdogo wake, tumbo moja. Wewe ndiye wifi wa oili? Mama alikuwa anakusifu mpaka juzi." Akafuta macho. "Kaka alikupigia sana."

Aliketi chini kwenye sakafu ya gereji, na hakuna aliyeweza kumwinua.

Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi Miwani alikuja dukani. Shati halikupigwa pasi.

"Nilikuwa nauliza niendeshe au nisiendeshe," alisema.

"Ningekuambia usiendeshe."

"Najua."

"Nitukane basi! Nipige! Sema kitu!"

"Oili niliitaka mimi. Nimejaribu kukulaumu, kila nikianza naishia kwangu."

"Jumapili ile ulitaka kuniuliza nini?"

"Kama utakubali nikuoe."

"Niulize sasa."

"Siwezi. Nakupenda, hilo halijabadilika. Lakini nikisikia sauti yako nasikia simu inaita bila kupokelewa." Akasogeza ufunguo kwenye kaunta. "Gari limefungwa injini nyingine. Nimempa mwalimu mmoja. Naomba umwandikie kadi."

Dada alivua miwani yake nyekundu, akaifuta, akaivaa tena ndipo akaweza kuona. Aliandika aina ya oili na tarehe.

"Ana mashindano Jumapili?"

"Hana. Anabeba watoto wake tu."

Miwani akaichukua kadi, akatoka, akaifunga mwenyewe, akaondoka bila kupunga mkono. Dada alisimama akisikiliza injini ile ngeni mpaka ikapotea kati ya nyingine.

"Dada, nipe oili nzuri!" fundi mmoja akapayuka.

Bado yuko kwenye kaunta ile. Haolewi, na mafundi wameacha kumtania. Hauzi kopo hata moja kabla hajauliza gari linambeba nani, na simu yake huipokea kabla haijaita mara ya pili.