Mstari Alioufuta Corinne

Kule Kaunti, kama wenyeji wanavyoliita eneo lao la mashamba, upande wa Marekani wa mto unaoitenganisha na Kanada, shule hufunguliwa Agosti na kufungwa tena Septemba kwa wiki tatu, kwa sababu viazi havimsubiri mtu. Alfajiri Corinne Saucier, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameshavaa buti na kumeza ploye mbili, zile chapati zao zinazopikwa upande mmoja tu. Jua lilipochomoza alikuwa ghalani kwa Bwana Gervais Ouellette, kando ya mkanda wa mashine unaopitisha viazi, akiokota mawe na madongoa na kuyatupa kando. Ng'ambo ya mkanda alisimama mama yake mdogo, Lucette.

Watu wa hapo wanaijua kazi hiyo tangu enzi za kuokota kwa mikono na kujaza mapipa, migongo ikipinda kabla ya wakati wake. Hakuna aliyewapigia makofi. Wakubwa wa mjini waliwaita "mikono ya msimu", kana kwamba mikono hiyo haikuwa na vichwa.

Lakini msimu huo Corinne alikuwa amepata sifa. Kabla ya likizo ya mavuno, Mwalimu Bouchard aliwataka wanafunzi wachague kila mmoja sekta moja ya Kaunti, iwe kilimo, misitu, hospitali au maduka, kisha waonyeshe kwa grafu hali ya ajira na mishahara kwa miaka mitano. Corinne alichagua viwanda vya chakula. Kwao, viwanda hivyo ni kimoja tu: kiwanda cha chipsi. Grafu yake ikashika nafasi ya kwanza na kubandikwa kwenye ukumbi wa baraza la Kaunti. Juu yake aliandika kwa rangi nyekundu: MISHAHARA YETU INAPANDA.

"Haya, Bi Takwimu," Lucette alimwita walipokaa kula mchana. Sauti yake ilikuwa ya utani, macho hayakuwa ya utani. Akatoa ukurasa wa gazeti mfukoni. "Umeingia gazetini. Soma, na mimi nisikie."

Corinne akasoma. Bwana Dudley, mwenyekiti wa baraza, alisema kwamba Alhamisi watapiga kura kulifunga darasa la bure la wauguzi wasaidizi, lililoanzishwa kwa ajili ya watu walioachishwa kazi kiwandani. Halihitajiki tena, alisema. Hata mtoto wa shule ameonyesha kwamba mishahara inapanda.

Corinne aliuweka mkate wake chini. Mama Mdogo Lucette alikuwa mmoja wa walioachishwa. Sasa alisoma darasa hilo, na alikuwa amebakiza miezi minne tu kupata cheti chake.

"Lakini namba ni za kweli, Mama Mdogo! Nimezitoa kwenye taarifa ya serikali. Wastani wa mshahara kiwandani ulikuwa dola mia sita na hamsini kwa wiki. Sasa unakaribia mia saba na sitini."

"Za kweli?" Lucette alicheka bila furaha. "Basi niambie huo mshahara umempandia nani. Mimi nilifungasha chipsi miaka kumi na moja, nimeambulia barua ya mistari mitatu. Réal, fundi wa mashine, bado yupo kiwandani, na hajaongezewa hata senti. Labda umewapandia panya wa stoo!"

Corinne alilikunja gazeti. Wakarudi kazini.

Alasiri, Bwana Ouellette aliwasha chekeche kubwa la chuma. Viazi vilitikisika juu yake. Vidogo vikadondoka matunduni, vikubwa vikasonga mbele. Mzee akachota mkononi vilivyobaki na kuviinua juu kama mtu aliyeshinda kombe.

"Tazameni vilivyonona! Mnunuzi ataniuliza nimetia mbolea gani."

"Mwongo wewe, Gervais!" Lucette akamrushia. "Hakuna kilichonenepa hapo. Vidogo vimedondoka, basi."

Corinne alisimama na jiwe mkononi. Mawe matatu yakampita kwenye mkanda, asiyaone.

"Oya, Bi Takwimu! Unalala?"

Hakuwa amelala. Alikuwa amekumbuka ukurasa wa pili wa ile taarifa. Ulionyesha idadi ya wafanyakazi wa kiwanda: miaka mitano nyuma walikuwa mia mbili na kumi, sasa mia moja na thelathini. Alikuwa ameuchora mstari huo pia, ukishuka kama maji ya mfereji, kisha akaufuta kwa kifutio. Uliharibu uzuri wa grafu. Sasa alielewa. Wafungashaji themanini, waliolipwa kidogo kuliko wote, walikuwa wamedondoka matunduni. Wastani ulipanda bila mtu yeyote kuongezewa.

Mwalimu Bouchard naye, kama walimu wengi wa huko wakati wa mavuno, alikuwa akiendesha lori la viazi. Alipofika ghalani, Corinne alimfuata hadi mlangoni mwa lori.

"Mwalimu, nimedanganya."

Akamweleza yote, hata kile kifutio. Mwalimu alizima injini.

"Unajua nafasi ya kwanza utaikosa?"

"Najua."

"Na unajua mimi niliitazama grafu hiyo, nikaisifu, nisiulize watu wamekwenda wapi? Alhamisi tutakwenda wote. Wewe utasema lako, nami nitasema langu."

Alhamisi ilipofika, ukumbi wa baraza ulijaa watu wenye matope kwenye buti. Corinne alipanda mbele na ndoo ya viazi na chekeche la mkono.

"Bwana Mwenyekiti, grafu ile ni yangu, na ina kosa. Nililifanya kwa makusudi, kwa sababu nilitaka ipendeze."

Akamwaga viazi, akatikisa. Vidogo vikabingirika sakafuni hadi kwenye viatu vya wajumbe.

"Hivi vilivyobaki vinaonekana vikubwa," alisema, "lakini hakuna hata kimoja kilichokua. Hivyo vilivyo chini ni watu themanini. Mama yangu mdogo ni mmoja wao."

Bwana Dudley akakohoa. "Binti, haya mambo ya wastani ni magumu kidogo..."

"Magumu kitu gani?" Lucette akadakia kutoka nyuma. "Mtoto ameyaeleza kwa ndoo moja!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu Bouchard akasimama, akakiri uzembe wake, kisha akausoma kwa sauti ukurasa wa pili wa ile taarifa. Kura zilipopigwa, darasa lilibaki kwa kura nne dhidi ya moja.

Nje, Mwalimu aliwaita wanafunzi wake waliokuwa wamekuja kutazama. "Sikilizeni. Corinne hakuandika namba hata moja ya uongo, na bado grafu yake ilidanganya, kwa kile alichokificha. Ukificha nusu ya ukweli kwa sababu haipendezi, kuna mtu atakayeumia. Na ukikosea, rudi urekebishe mbele ya watu wale wale uliowakosea. Alichokifanya leo mwenzenu kinanipa fahari kuliko nafasi ya kwanza yoyote niliyowahi kutoa."

Nafasi ya kwanza alipewa mwingine. Corinne alichora grafu upya, yenye mistari miwili, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, na pembeni akaandika majina ya wale themanini, jina kwa jina, kama Lucette alivyomtajia, ikabandikwa pale pale ukumbini. Wiki nzima wanawake walioachishwa kiwandani waliingia ukumbini na aproni zao za kazi ya mavuno, wakatafuta majina yao kwenye orodha, na kila aliyelipata alilisoma kwa sauti.