Uchochoro Usio na Diwani

Asubuhi ya kikao cha madiwani, ramani ya mipaka ya kata haikuwepo. Fremu ilining'inia tupu ukutani, kioo kizima, skrubu zote nne zimekazwa.

"Mwizi gani anarudishia skrubu?" Inspekta aliuliza.

Katibu wa baraza jasho lilikuwa linamtoka. "Afande, hiyo ndiyo ramani pekee yenye muhuri. Leo ingeamua Uchochoro wa Gereji uko kata gani. Kuna mtoto alitumbukia mtaroni pale, akafa. Mama yake anapigwa danadana mwaka wa pili huu. Diwani wa Kata ya Tatu anasema mtaro ni wa Nne, wa Nne anasema ni wa Tatu."

"Na wakazi wa uchochoro huo kura wanapigia wapi?"

"Hawamo kwenye daftari lolote."

Alama za vidole hazikupatikana. Kioo kilikuwa kimefutwa kikang'aa.

"Fremu hii huifungua nani?"

"Mchora ramani tu. Chumba cha mwisho kule."

Mchora ramani alikuwa anachonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka. Inspekta hakupoteza muda, alivuta droo pana kuliko zote. Ramani ilikuwa chini ya karatasi nyeupe, haina hata kunjo.

"Mbona hukuichoma?"

"Nilishindwa. Niliichora miezi saba."

Waliitandaza mezani. Mpaka wa Kata ya Tatu uliishia kwenye ukuta wa gereji. Wa Nne ulianzia ng'ambo ya mtaro. Katikati palibaki upenyo mweupe, mwembamba kama uzi, na ndani yake kaya arobaini.

"Uliusahau?"

"Nilichora mpaka mmoja, nikaugua. Niliporudi nikachora wa pili. Sikuhakiki. Uchaguzi ulipofika ndipo nikagundua."

"Ungesema, wangerekebisha."

"Niliogopa kazi. Halafu mtoto akafa, nikawa siwezi tena. Yule mama ni dada yangu, afande. Hata barua ya malalamiko nilimwandikia mimi."

Inspekta alikuwa amesikia wauaji wakikiri, lakini hili lilimuuma zaidi. Alikunja ramani, akamshika mkono, wakatoka.

Kwenye benchi la ukumbini mwanamke mmoja alisimama, bahasha mkononi.

"Kaka! Wameipata?"

"Nilikuwa nayo mimi."

Mwanamke alishusha pumzi, uso ukamchangamka. "Nilijua tu hungetuacha."

Mchora ramani alimtazama Inspekta. Inspekta alimwachia mkono.

"Keti, mdogo wangu," mchora ramani alimwambia dada yake. "Keti kwanza nikwambie."