Mtani Aliyefutwa

Kichujakiwewe kilinguruma taratibu, kama jokofu la zamani. Kilikuwa na umbo la kofia, na ndani yake nyuzi elfu nne, nyembamba kuliko unywele, ziligusa kichwa cha askari huku yeye akisimulia vita kwa mdomo wake mwenyewe. Mashine ilisikiliza maneno, ikapima mapigo ya moyo, ikatafuta mtu au kitu kinachomtesa, kisha ikakichuja kutoka ubongoni. Dakika arobaini tu. Jiji la Iringa lilikipenda chombo hicho, maana askari wa akiba waliorudi kutoka vita vya Ukanda wa Kobalti walikuwa wakipiga mayowe ndani ya treni, na nani ana muda wa kukaa na mtu anayepiga mayowe?

Koplo Zabroni Kihwele, fundi wa lifti aliyeitwa jeshini kwa miezi kumi na minne, alichujwa Jumatatu. Siku hiyo alilala usingizi wa mtoto. Alhamisi asubuhi aliitwa tena kliniki, akamkuta mama mmoja wa makamo amejifunga kitenge cheusi, kikapu kikiwa miguuni pake.

"We Mhehe, umenenepa!" alisema yule mama. "Umekula mbwa wangapi tangu urudi?"

Kihwele aliduwaa. Utani wa mbwa ni wa Wangoni, watani wa Wahehe, na jibu la kumpa Mngoni alilijua tangu utotoni. Asichojua ni kwa nini mama huyu anamtania huku machozi yanamtoka.

"Shikamoo, mama. Tunafahamiana?"

Tabasamu la yule mama lilififia. "Mimi ni mama yake Osmundi. Osmundi Mapunda. Si uliniandikia kwamba ulikuwa naye mpaka dakika ya mwisho? Ukasema ameniachia neno, utanipa ana kwa ana. Nimetoka Songea kulifuata."

Kihwele alijipekua. Aliona handaki, mvua, sahani mbili za wali. Kwa nini mbili? Aliona aibu, kisha akaogopa sana.

Daktari Remigia Masanja, msimamizi wa mashine, alifungua sauti iliyorekodiwa Jumatatu. Kihwele akajisikia mwenyewe akifoka huku analia: "Osmundi yule! Mngoni mvivu, mla panya, ameniharibia maisha. Nikimkuta huko aliko namchapa viboko! Siku ile alipopigwa risasi alinishika mkono, akasema, Kihwele, mwambie mama..."

Sauti ikakatika.

"Hapo moyo ulienda mbio, mashine ikaanza kuchuja," alisema daktari. Akasoma kwenye kioo cha mashine: "Osmundi Mapunda. Uhusiano: adui."

"Adui?" Mama Osmundi alisimama. "Mtu anayemlilia mwanangu namna hii ni adui?"

"Waliifundisha mashine matusi ya lugha sitini, mama. Utani hawakuifundisha. Na mimi ni Msukuma, nina watani wangu Wazaramo, ningesikia mara moja. Sikusikiliza. Niliiachia mashine isikilize."

"Kumbukumbu inarudishika?" aliuliza Kihwele.

"Hapana."

Mama Osmundi alimgeukia Kihwele. "Mwambie mama nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Kihwele alitaka kusema hajui. Lakini mdomo ulimtangulia.

"Alisema... umwekee mkia. Panya mwenyewe amle baba, yeye mkia tu."

Mama Osmundi aliangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio. "Tangu ana miaka mitatu! Mkia tu, kingine hataki! Alikuambia, eh? Umemkumbuka?"

Kihwele alimtazama daktari, daktari akatazama kioo. Maneno yale aliyasikia handakini, au ni utani tu ambao Mhehe yeyote angemrushia Mngoni? Alitafuta tena, akakuta zile sahani mbili za wali na mvua.

"Sijui, mama," alisema, akaanza kumlilia mtu asiyemjua.