Mrembo, Simama Kidogo

Pale Lurambi, nje ya lango la chuo kikuu, Lusweti alijulikana zaidi kwa mdomo kuliko kwa viatu vya mitumba alivyouza. Hakuna msichana aliyepita mbele ya turubai lake bila kuitwa: "Mrembo, simama kidogo!" Wengi walisimama, kama si kununua, basi kucheka.

Siku hiyo alikuwa ameinama akisugua raba, akaona kwa pembe ya jicho gauni la manjano likipita.

"Mrembo wa manjano, simama kidogo!"

Gauni likatulia. Akainua kichwa. Mwenye gauni alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu.

"Madaktari wamejaribu kunisimamisha wakachoka, kaka," akasema. "Wewe una dawa gani?"

Roda, muuza chipsi wa jirani, alicheka hadi mwiko ukamdondoka. Lusweti akatamani mtaro ummeze.

"Pole, madam. Sikuona..."

"Manjano umeona, si inatosha? Naitwa Navalayo. Nipe hiyo nyekundu, namba tano."

Alikuwa mwanafunzi mgeni, ametoka kuzunguka mtaa, akaanza kumsimulia. Kwenye duka la vipodozi, ngazi zilimzuia. Mwenye duka akamrushia losheni nje kama anayelisha kuku. Kaunta ya M-Pesa ilimzidi kimo. Bodaboda zilizoziba njia alizipigia honi kwa mdomo mpaka zikasogea. Lusweti alisikiliza akicheka, na kabla viatu havijafungwa alikuwa ameshaomba namba ya simu.

Jioni akapiga. "Umefika salama, asali?"

"Asali? Umeonja lini?"

"Nimenusa tu."

Wiki zikaenda hivyo, simu hadi chaji inaisha. Lakini mchana mambo yalikuwa mengine. Lusweti akisikia tu magurudumu, neno lilimkwama kooni kama mfupa wa samaki. Aibu ya siku ile haikuwa imemtoka. Nikifungua mdomo nitamuumiza tena, aliwaza, na sasa nampenda. Basi akanyamaza, akainamia raba zake, akavuta turubai kando ili kiti kipite.

Navalayo aliona jambo lingine kabisa.

"Lusweti," alimwambia jioni moja kwa simu, "wenzangu wote unawaitanga. Mimi nikipita unanyamaza, unavuta turubai kama fahali wa mapigano kule Malinya anakuja."

"Mpenzi, siyo hivyo..."

"Kwa simu mimi ni asali. Kwa barabara mimi ni mtaro, unaniruka. Unaona aibu kujulikana na mimi."

"Aibu ni yangu mwenyewe, Navalayo! Nisikilize..."

Simu ilikuwa imeshakatwa. Kesho yake haikushikwa, wala siku zilizofuata. Lusweti akaacha kuita watu, viatu vikamkalia.

"Unauza ama uko matangani?" Roda akamchokoza.

Ijumaa gauni la manjano likatokea, ng'ambo ya barabara. Miguuni, viatu vyekundu. Navalayo hakugeuza shingo. Lusweti akainuka.

"Navalayo! Mrembo wa manjano! Simama kidogo!"

Mtaa mzima ukageuka. Mwendesha boda mmoja akafoka, "Wewe, huna haya?"

"Ninayo nyingi!" Lusweti akajibu. "Ndiyo imenifunga mdomo."

Akavuka barabara.

"Siku ile nilikosea neno, nikaogopa kukosea tena," alimwambia. "Nikakunyima kelele ninayompigia kila mtu. Nisamehe. Nataka nikuite mbele ya watu hawa, halafu nikakuite mbele ya mama yangu kule Lugari, kama utakubali kuwa wangu."

Navalayo akavuta breki ya kiti. Machozi yalimlengalenga, lakini mdomo ulikuwa ule ule.

"Rudia. Roda hajasikia."

"Nimesikia!" Roda akapaza sauti.

"Hajasikia."

Lusweti akarudia yote, kwa sauti yake ya kuuzia viatu. Makanga wakaacha kuita abiria. Navalayo akatazama huku na huku, kisha akamrudishia macho.

"Haya, nimesimama," akasema. "Na barabara nzima imesimama na mimi. Sasa niulize vizuri."